Je, Wastoiko Wanatufundisha Kujikaza?

Hoja ninayoitetea katika mjadala huu ni moja: falsafa ya Wastoiko inaweza kumfaa mtu wa leo katika hasira, hofu na masikitiko ya kila siku, lakini itamfaa tu akiacha kuiona kama mafunzo ya kujikaza. Wengi wanaoisifu na wengi wanaoilaumu wameshika picha ileile ya mtu mwenye uso mkavu, asiyelia msibani wala kucheka harusini. Vijana wanaipenda picha hiyo kwa kuwa wanadhani ndiyo nguvu. Watu wazima waliokwisha kuona madhara yake wanaiogopa. Nadhani picha yenyewe ndiyo mbovu. Lakini hoja isiyopigwa haijulikani uimara wake, kwa hiyo nimewapa nafasi wasemaji wanne wanaonipinga. Wasemaji nimewabuni mimi, ila pingamizi zao sikuzibuni. Zimekuwa zikitolewa dhidi ya Wastoiko kwa miaka mingi, nyingine kwa karne nyingi, na moja kati yake imenishinda kwa sehemu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Shule hii ilianzishwa Athene karibu na mwaka 300 KK na Zeno, mtu wa mji wa Kition katika kisiwa cha Kipro, aliyekuwa akifundisha kwenye baraza yenye nguzo na michoro kando ya soko. Maandishi ya waanzilishi karibu yote yamepotea. Tuliyonayo kwa wingi ni ya watu watatu wa zama za dola ya Roma: Seneca, tajiri na mwalimu wa mfalme Nero, Epictetus, aliyekuwa mtumwa, mwenyeji wa nchi ambayo leo ni Uturuki, na Marcus Aurelius, aliyetawala dola hiyo kuanzia 161 hadi 180 BK. Wanatofautiana kwa mengi, lakini juu ya hisia wanasimama pamoja. Kati ya tukio na hisia, wanasema, kuna hukumu. Bosi amekupita asubuhi bila kukusalimu: hilo ni tukio. Kifua kinabana: huo ni mshtuko wa mwili, haukukuomba ruhusa. Kisha akili inatamka, "Amenidharau," nawe unaikubalia. Hapo ndipo hasira inapozaliwa. Seneca, katika vitabu vitatu alivyoandika juu ya hasira, anazigawa hatua hivyohivyo: mguso wa kwanza usiozuilika, kisha kukubali kwa hiari, kisha hasira iliyokwisha kukata kamba. Kazi yote ya Mstoiko iko katika hatua ya pili. Ya kwanza hana mamlaka nayo, na ikifika ya tatu amekwisha kuchelewa.

Msemaji wa kwanza ni mnasihi, mama wa makamo ambaye kazi yake ni kuwasikiliza watu waliolemewa. "Mwalimu, nakuheshimu, lakini wewe unaishi na vitabu na mimi naishi na watu," anaanza. "Wanaume wanaokuja kwangu hawakuharibika kwa kukosa kujizuia. Wameharibika kwa kujizuia. Wameambiwa jikaze tangu wakiwa wadogo, wakajikaza kwenye talaka, wakajikaza kwenye msiba, na sasa presha iko juu, usingizi hakuna, na mke hajui mumewe anawaza nini. Ukiwapelekea Seneca, unawapelekea mzee mwingine wa kuwaambia wanyamaze."

Yote aliyosema mama huyu juu ya kujikaza ni kweli, na ushahidi wa maabara unamuunga mkono. Mwaka 1998 James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha jaribio lililotenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayachanganya. Washiriki walionyeshwa filamu ya kutia kinyaa, ya upasuaji wa kukata kiungo cha mtu. Kundi moja liliambiwa lifiche hisia, hata anayewatazama asijue wanachohisi. Kundi jingine liliambiwa liitazame filamu kwa jicho la kitaalamu, ili lisiguswe nayo. La tatu likatazama tu. Walioficha walifaulu kuficha, nyuso zao zikatulia. Lakini kinyaa chenyewe hakikupungua, na vipimo vilionyesha miili yao ikihangaika zaidi. Waliobadili namna ya kulitazama jambo kinyaa chao kilipungua, na miili yao haikulipa gharama ile. Kundi la kwanza ndilo la wale wanaume wanaokuja kwa mnasihi. Kundi la pili linafanya kazi iliyo karibu na ile aliyoifundisha Epictetus, ya kurudi kwenye hukumu na kuikagua kabla haijazaa hisia kamili. Ni njia mbili, na matokeo yake mwilini ni mawili.

Wala huu si usafi ninaowapaka Wastoiko leo ili wapendeze. Aulus Gellius, mwandishi Mrumi wa karne ya 2 BK, anasimulia safari yake ya meli kwenda Brundisium, kusini mwa Italia. Dhoruba ilipiga usiku kucha, maji yakaingia, abiria wakaomboleza. Melini alikuwemo mwanafalsafa wa Kistoiko mwenye jina kubwa, na Gellius akamtupia macho aone anaikabili vipi hali ile. Hakulia wala kupiga kelele, lakini uso ulikuwa umempauka sawasawa na wa wengine. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja kutoka Asia akamwendea kumsuta: imekuwaje wewe mwanafalsafa uogope, na mimi sikuogopa? Huyo alijibiwa kwa mkato. Lakini Gellius alipouliza kwa adabu, mzee aliingiza mkono mkobani, akatoa kitabu cha tano cha mafunzo ya Epictetus, akampa asome. Humo iliandikwa kwamba hata mwenye hekima hupauka na kushtuka radi inapopiga ghafla, kwa kuwa mwili huwahi kabla ya akili. Tofauti yake na mpumbavu huja baada ya hapo: mpumbavu anaukubalia ule mshtuko na kuamini kwamba balaa kweli limemfika, ila mwenye hekima anaunyima kibali chake. Kitabu hicho cha tano kimepotea, na maneno hayo tunayajua kwa sababu Gellius aliyanakili. Kama uso mkavu ungekuwa sharti la shule hii, mzee yule angeona aibu. Yeye alitoa kitabu.

Nina neno jingine kwa mama mnasihi. Albert Ellis, aliyeanza kutibu watu kwa kuzichunguza imani zao katikati ya miaka ya 1950, alisema wazi kwamba msingi aliupata kwa Epictetus. Aaron Beck na wenzake, katika kitabu chao cha 1979 juu ya tiba ya sonona, waliitaja falsafa ya Wastoiko kuwa ndiyo asili ya mawazo yao. Tiba ya fikra na tabia iliyotokana na watu hao imo leo katika zile zilizojaribiwa zaidi duniani kwa sonona na wasiwasi. Mnasihi akimuuliza mteja, "Una ushahidi gani kwamba mkeo anakudharau?" swali lake lina umri wa miaka 1,900.

"Sawa," anajibu, "basi waseme yaliyo moyoni. Watoe hasira nje, wapumue." Hapa simfuati moja kwa moja. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman alichapisha jaribio ambamo watu waliokasirishwa makusudi walipewa mfuko wa ndondi. Waliopiga huku wakimwaza aliyewaudhi waliishia na hasira kubwa kuliko wengine, na wakawa wakali zaidi hata ya wale waliokaa tu bila kufanya lolote. Kuitoa hasira kwa namna hiyo ni kuikubalia hukumu yake mara mia, kila ngumi ikisema tena, "Amenidharau." Mama anaingilia: "Mimi sikusema wapige mifuko. Nimesema wasikilizwe." Na hapo yuko sahihi, tena anawagusa Wastoiko mahali ambapo wasomaji wao wa leo wanapasahau. Mtu peke yake si hakimu mzuri wa hukumu zake. Barua 124 za Seneca tulizonazo zimeandikwa kwa rafiki mmoja, Lucilius, na humo Seneca anaeleza udhaifu wake pamoja na kumshauri mwenzake. Hata zoezi lake la usiku lilikuwa la mazungumzo kwa namna fulani. Taa ikishaondolewa, na mkewe, anayeijua desturi yake, akishanyamaza, alikuwa akiipitia siku nzima kama mtu aliyefikishwa mbele ya hakimu: katika ubishi ule ulisema kwa ukali uliozidi, yule ulimwonya kwa maneno yaliyomuudhi badala ya kumrekebisha, safari ijayo usirudie. Kisha alijisamehe na kulala vizuri. Anayejikaza hana kikao cha namna hiyo, kwa sababu hakubali kwamba kuna kesi.

Msemaji wa pili ni kiongozi wa wafanyakazi, na hasemi kwa upole. "Ndugu yangu, hiyo ni falsafa ya mtumwa na mfalme, watu wawili ambao hawakubadilisha chochote. Mfanyakazi hajalipwa miezi mitatu, wewe unamwambia kinachomuumiza ni hukumu yake? Mwajiri atavinunua vitabu hivyo kwa fedha zake, avigawe getini." Ana mwenzake mkubwa katika hoja hii. Hegel, mwaka 1807, aliuona Ustoiko kama uhuru wa kichwani tu, unaochipuka katika zama ambazo hofu na utumwa vimeenea kila mahali.

Sehemu ya shtaka hili naikubali bila kupunguza. Seneca aliwaandikia mabwana wawatendee watumwa kama binadamu, hata wale nao meza moja, lakini hakudai utumwa ufutwe, naye mwenyewe alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma. Na Wastoiko wanapofundisha kwamba aliyedhulumiwa hakupata hasara ya kweli maadamu tabia yake imebaki njema, siwafuati. Mtoto aliyelala njaa kwa sababu mshahara wa baba umezuiwa amepata hasara ya kweli, na hakuna namna ya kuitazama njaa itakayoigeuza kuwa kitu kingine.

Ila kwamba falsafa hii huzaa watu watiifu, historia ya Roma inakataa. Mwaka 59 Baraza la Seneti lilipokuwa likimpongeza Nero baada ya kumuua mama yake mzazi, Thrasea Paetus, mtu wa mrengo huu, aliinuka akatoka nje bila kusema kitu. Mwaka 66 alihukumiwa kifo. Mkwewe, Helvidius Priscus, alitakiwa na mfalme Vespasian asihudhurie kikao. Epictetus anasimulia jibu lake: una uwezo wa kuniondoa katika Seneti, lakini maadamu mimi ni mjumbe, nitahudhuria. Naye aliuawa. Baadaye mfalme Domitian aliwafukuza wanafalsafa, na ndivyo Epictetus alivyojikuta akifungua shule Nicopolis, upande wa Ugiriki. Watawala hao hawakuona kwamba wamepata dawa ya kuwalaza watu.

"Lakini bila hasira nani angegoma?" anauliza kiongozi. Swali hili Seneca alilikuta tayari, maana wafuasi wa Aristotle walisema hasira ya kiasi ni askari mwema. Alijibu kwamba hasira huanza kwa kishindo kisha hulegea, na askari asiyemsikia jemadari hafai. Mgomo huanzishwa kwa hasira, sikatai, lakini hauwezi kudumishwa nayo wiki ya tatu, wakati chakula kimekwisha na mwajiri ameanza kumwita mmoja mmoja ofisini. Wakati huo kunatakiwa watu wanaoweza kusikia tusi bila kurusha jiwe, na kusikia ahadi bila kulewa. Tena kuikagua hukumu hakumaanishi kuifuta. Mfanyakazi akiuliza, "Je, ni kweli nimedhulumiwa?" akapekua mkataba, akahesabu miezi, jibu linaweza kuwa ndiyo. Hapo ana madai badala ya uchungu mtupu, na madai yanaweza kupelekwa mezani.

Msemaji wa tatu, mzee wa dini, anasema kwa kifupi: "Mwanangu, subira tumefundishwa. Tuna haja gani na wapagani wa Athene?" Mzee wangu, waumini wa kale hawakuona ugomvi mkubwa hivyo. Paulo alikutana na Wastoiko Athene, kama Matendo ya Mitume 17 inavyoeleza. Na yule Galio, liwali wa Akaya, aliyekataa kusikiliza mashtaka dhidi ya Paulo Korintho, ndiye ndugu wa Seneca ambaye vile vitabu vya hasira aliandikiwa. Baadaye watawa Wakristo walikirekebisha kile kijitabu cha mafunzo ya Epictetus kwa matumizi yao, na mahali palipokuwa na jina la Socrates wakaweka la Paulo. Upande wa Uislamu, al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9, aliandika risala juu ya kuondoa huzuni, na ndani yake umo mfano wa abiria walioshuka melini ambao chimbuko lake linaonekana kwa Epictetus. Wote hao walichukua kilichowafaa, na imani yao wakabaki nayo.

Msemaji wa nne ni dada aliyefiwa na mtoto, na ndiye niliyemhofia tangu mwanzo. "Kaka, nimesoma hicho kijitabu cha Epictetus," anasema. "Kinaniambia ninapombusu mwanangu nijikumbushe kwamba nambusu kiumbe wa kufa, ili akifa nisifadhaike. Mama gani anaweza kuishi hivyo? Huyo ameona nafuu asipende, ili asiumie."

Kwa upande wa upendo, nina la kumtetea Epictetus. Siku moja afisa mmoja alimtembelea, na katika mazungumzo akasema maisha ya familia yanamtesa. Binti yake aliugua hadi ikadhaniwa yu hatarini. Baba akashindwa kukaa karibu na kitanda, akakimbia nyumba, asirudi mpaka alipoletewa habari kwamba mtoto ana nafuu. Akajitetea kwamba ndivyo baba yeyote mwenye upendo anavyohisi. Epictetus akamuuliza taratibu: mama yake, je, anampenda? Basi naye alipaswa kukimbia? Yaya wake? Mlezi anayempeleka shule? Kama wote wanampenda na wote wangefanya kama wewe, mtoto angebaki peke yake mikononi mwa wasiomjali. Nawe ukiugua, ungetaka watu wako wakupende kwa namna hiyo? Baba hakuwa na jibu. Kilichomkimbiza ni hukumu iliyosema, "Siwezi kustahimili kuyaona haya," na hukumu hiyo ilimnyang'anya mtoto baba yake saa aliyomhitaji kupita zote. Epictetus hapo anadai upendo unaokaa kando ya kitanda. Katika wodi yoyote ya watoto, mafunzo hayo yana thamani leo kama yalivyokuwa nayo Nicopolis.

Lakini dada huyu hakukimbia. Alikaa hadi mwisho, na mtoto akafa, na sasa anaulizwa kama huzuni yake ni kosa la hukumu. Martha Nussbaum, mwanafalsafa wa Marekani, alilijibu hili katika kitabu chake kikubwa cha 2001, alichokianza na kifo cha mama yake mwenyewe. Anakubaliana na Wastoiko kwamba hisia ni hukumu: kuomboleza ni kutamka kwamba kitu chenye thamani kubwa kimeondoka. Anachokataa ni kwamba hukumu hiyo ni ya uongo. Nami nakataa pamoja naye. Mtoto alikuwa na thamani, ameondoka, na machozi yanasema kweli. Wastoiko wenyewe hawakuimudu kanuni yao. Marcus Aurelius na mkewe Faustina walizika watoto wengi, na daftari lake linalirudia tena na tena suala la kufiwa, kama mtu anayeshindana na jambo lisilokwisha. Seneca alimwandikia Lucilius kwamba machozi yanaruhusiwa yakiwa na kiasi, kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus kupita kiasi alichokiweka.

Kwa hiyo, dada, kwa hili umenishinda, na sitakupa kitabu. Chrysippus, kiongozi wa tatu wa shule hiyo, alionya kwamba uvimbe mbichi wa roho haupakwi dawa. Na Seneca alipopelekwa uhamishoni Corsica aliacha muda upite kabla ya kumwandikia mama yake maneno ya kumfariji, akihofia kuutonesha uchungu ungali mpya. Msomaji aliyezika wiki hii naye aviache vitabu vya Wastoiko kabatini, akae na watu wake, alie. Aliyekasirishwa na shemeji yake mwezi uliopita na mpaka leo anaupanga upya ubishi ule kila anapooga, huyo ndiye ninayemsihi asome, tena aanzie kitabu cha tatu cha Seneca juu ya hasira, maana humo ndimo mlimo maelekezo ya nini cha kufanya kesho asubuhi.